Shuka la Mumbere

Jumatatu, 7 Agosti

Nimeota tena. Niko Goma, kwenye bunge la jimbo, nimekaa kwenye kiti kinachozunguka. Nikizunguka kushoto, ziwa. Nikizunguka kulia, volkano. Watu wote wananiita Honorable, mheshimiwa mbunge. Nilipoamka nikabaki nimelala, natazama ukungu ukipanda vilima vya mtaa wetu wa Bulengera polepole, nikaendelea kuzunguka kichwani mpaka uji ukapoa.

Habari kubwa! Chama kimebakiza nafasi moja kwenye orodha ya wagombea wa jimbo. Mjumbe, Mama Rébecca, anakuja kutoka Beni Jumamosi. Atawauliza watu wa mtaa wanamtaka nani. Atakayeitwa kwa sauti kubwa ndiye mgombea. Ni mimi au Gamaliel, mwenye duka la dawa. Gamaliel! Mtu anayepima hata salamu kwa kijiko.

Hii ni mara yangu ya tatu kujaribu. Mke wangu Godelive amesema ni ya mwisho. Nikishindwa, Jumatatu ijayo napanda naye mpaka shamba letu la Kipese kuchimba viazi. Mimi! Na viatu vyangu vyeupe!

Jumanne, 8 Agosti

Nimepata kitambaa cha banderole, bango la kutundika juu ya njia: shuka la Godelive, lile la maua. Hajui bado. Nikalipeleka kwa Syauswa, mchoraji wa vibao. Akasema jina langu lote, Mumbere Abdias, halitatosha, labda kwa herufi ndogo kama za kwenye chupa ya dawa. Dawa! Nisimsaidie Gamaliel.

Nikakaa mlangoni pake, nikatazama wingu lililofanana na jeep. Jeep yangu ya baadaye. Lilipokwisha kupita, wazo likaja lenyewe. Aandike MUMBERE tu! Huku kwetu mtoto wa kiume wa kwanza huitwa Mumbere, na nyumba isiyo na Mumbere ni ya kutafuta. Kila mama ataona jina la mwanawe na atanipenda bila kujua sababu.

Syauswa aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia achore, kufikiri aniachie mimi.

Alhamisi, 10 Agosti

Banderole imetundikwa pale njia panda. Nzuri ajabu! Upepo ukiingia, maua yanavimba na jina langu linapumua. Nimesimama chini yake saa nzima. Pikipiki zilipita, vumbi likapanda, na mimi nilikuwa tayari Goma.

Gamaliel alinitoa huko. Alisimamisha pikipiki yake, akajipiga picha chini ya banderole yangu, kidole gumba juu. Kisha akanishika mkono na kunishukuru kwa kazi nzuri. Nilimhurumia kweli. Mtu aliyeshindwa lakini ana adabu. Nikishakuwa Honorable nitamtafutia kamati ndogo, ya barabara za miguu.

Ijumaa, 11 Agosti

Godelive ameliona shuka. Nilitegemea kelele. Badala yake aliniuliza, huku anachambua maharage, kama ninakumbuka Gamaliel alipewa jina gani alipozaliwa. Nikasema Gamaliel. Akacheka mpaka maharage yakamwagika, akaniita kwa jina la mtoto wetu:

“Papa Bénite! Ule naye iko Mumbere!”

Moyo uliniuma robo saa nzima. Halafu ukatulia. Watu wanajua ni Mumbere yupi wanayempenda. Nimewaomba akina mama wa korali waite jina langu mara moja, kwa nguvu. Éliakim, yule wa kukodisha sono, ataleta mikrofoni na spika. Nalala mapema ili nisichelewe kwenye ndoto.

Jumamosi, 12 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Uwanja ulijaa. Mama Rébecca akauliza wanamtaka nani. “Mumbere!” Korali nzima! Uwanja mzima! Sauti iligonga mabati ya kanisa na kurudi. Nilikuwa kwenye kiti cha mbele. Nilifumba macho kidogo tu, kuionja. Nikazunguka kushoto, ziwa. Nikazunguka kulia, volkano.

Nilipofumbua, wanaume thelathini na mmoja walikuwa wanasukumana kupanda jukwaani. Gamaliel alikuwa wa mbele. Tena kulikuwa na mzee mmoja mwenye fimbo na mwanafunzi mwenye begi mgongoni. Wote Mumbere, wote na karti za kuthibitisha. Ngazi ikavunjika. Gamaliel akaanguka na kumi wakamwangukia.

Juu jukwaani alibaki mtu mmoja, Éliakim, anajaribu mikrofoni yake: moja, mbili, moja, mbili. Mama Rébecca akamwuliza, “Jina yako nani?” Akajibu Mumbere. Ni kweli, Mumbere Éliakim! Akaombwa aseme neno.

“Mimi nilikuya tu na sono, Mama.”

Mama Rébecca alifuta machozi. Akasema miaka yote hajaona mgombea mnyenyekevu namna hii. Korali ikapiga vigelegele. Fomu ikajazwa pale pale, juu ya spika.

Nimelia nyuma ya kanisa. Gamaliel naye alikuwapo, anachechemea. Hatukusalimiana.

Jumatatu, 14 Agosti

Kipese. Baridi. Viatu havina rangi tena. Nimechimba viazi kumi na viwili, na vinne nimevikata kwa jembe. Godelive ameviweka vile vinne kwenye kikapu cha peke yake. Niliegemea mpini, nikatazama ukungu ukilala kwenye mabonde, mweupe, laini, kama shuka linalongoja mchoraji.

Ndipo Godelive akaniita nije kula. Aliita tu, “Papa!”

Wanaume watano wakainua vichwa kwenye mashamba ya jirani. Watano! Kwa mara moja! Mmoja aliacha jembe na kuanza kuja.

Nilisisimka mwili mzima. Jina lenye nguvu hivyo, na hakuna mwanasiasa aliyeliona! Uchaguzi ujao siwezi kushindwa. Nimemwuliza Godelive kama bado tuna shuka lingine, kisha nikahesabu kwa vidole nikamwambia aache. Herufi ni nne tu. Foronya ya mto inatosha.