Bahari Iliyonifungia Dirisha

Ndugu Mhariri wa jarida la wafugaji wa samaki wa majumbani, ambaye kwa umri nadhani ningeweza kukuzaa,

Nakusalimu kwa heshima, na baada ya salamu nakuletea lawama. Anayeandika ni mkwe wangu, mke wa mwanangu, maana mimi shule niliipita kwa nje nikielekea kwenye shughuli. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinirembe. Akicheka, nanyamaza mpaka amalize.

Mwanangu ni fundi wa majokofu, mtu mzima na mvi zake. Alikuwa na akili timamu mpaka aliposoma katika jarida lako kwamba mtu anaweza kuweka bahari sebuleni, bahari kamili yenye chumvi, mawe, matumbawe na samaki. Tangu hapo mimi sina dirisha. Hilo dirisha ndilo ninalolidai, mengine yote ni viungo tu.

1. Dirisha lenyewe. Tunakaa ghorofani, juu ya barabara. Tangu mguu wangu ugome kushuka ngazi, dirisha ndilo lilikuwa miguu yangu. Hapo nilisalimiana na fundi viatu, nikamgombeza muuza nguo anayeita wateja kama anafukuza mwizi, na habari za mtaa nilizipokea zikiwa bado za moto. Jarida lako likaandika kwamba tangi lisipigwe na jua, eti jua huotesha ukoga wa kijani. Likatundikwa pazia zito kama blanketi. Nikauliza, si lihamishwe hilo tangi? Nikajibiwa kwamba likishajaa halihamishiki. Kumbe anayehamishika ni mama! Juzi fundi viatu alimwuliza mkwe wangu kama nimefariki, na kama ndivyo, mbona yeye hakuambiwa akaja kuzika.

2. Kufuga maji. Maji yalitiwa, chumvi ikakorogwa, mawe yakapangwa, nami nikangoja samaki. Wapi! Wiki zikapita, wageni wakawa wanakaribishwa kutazama mawe yaliyolowa. Nikiuliza, naambiwa maji hayajakomaa. Halafu mwanangu akatumbukiza kamba mbichi, akamwacha aoze, eti vidudu visivyoonekana vipate kuzoea kula uchafu. Wahenga walisema samaki mmoja akioza wote wameoza. Wewe unawafundisha watu kuozesha kwa makusudi! Nikamtoa yule kamba, nikamwosha, nikamkaanga kwa kitunguu. Nikaona na mawe yana utelezi. Nikayatoa yote, nikayasugua kwa brashi na sabuni mpaka yakang'aa, nikavuta pazia nikayaanika dirishani. Mwanangu aliporudi alikaa sakafuni kama mtu aliyefiwa. "Mama," akasema, "umewaua wote." Nikamwuliza wote nani, mbona sijaona maiti hata moja? Ikabidi aanze upya, na hukumu yangu ya kukaa gizani ikaongezwa.

3. Heshima. Hatimaye wakaja samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mikanda myeupe, pamoja na kamba hai mwenye sharubu ndefu na tumbawe moja lenye vidole. Hawakutupwa tu majini. Mfuko wao uliachwa kwanza uelee juu ya maji, wakatiliwa maji mapya kidogo kidogo wasije wakashtuka. Mimi nilipohamia humu nilionyeshwa kitanda na kuambiwa choo kiko kushoto. Wao hupimwa joto asubuhi na jioni. Mimi niliposhikwa na homa niliambiwa nijifunike. Taa zao huwaka polepole kama kunakucha. Mimi huwashiwa balbu usoni na kuulizwa, mama, umeona miwani yangu?

4. Hili ni la mkwe wangu. Ameomba nafasi, nami nimempa kwa kuwa kalamu iko mkononi mwake. Anasema mumewe hufuta kioo cha tangi kila siku, na sahani hajawahi kufuta. Ndoo zake za kufulia zote zimekuwa za kukorogea chumvi. Mimi ndiye niliyemzaa mtu huyo, lakini kwa hili simtetei.

5. Mazungumzo. Hapa ndipo panaponiuma. Zamani mwanangu akitoka kazini alikuja kukaa nami dirishani, tukawachambua wapita njia mpaka chakula kikaiva. Siku hizi akiingia hupiga magoti mbele ya kioo: "Mmeshindaje, wapenzi wangu?" Nami nipo nyuma yake, nimeshinda vibaya, wala haniulizi! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa jembe watalishika kwa mkono gani?

Basi, Mhariri, sikuombi tangi livunjwe. Mimi si katili. Naomba utangaze, kwa herufi kubwa, kwamba mama mzazi naye ni kiumbe wa kufugwa. Kama pazia haliwezi kufunguliwa, na mimi niandikishwe kuwa samaki. Sifa ninazo: nakula kidogo, sigombani na wenzangu wasiponianza. Niwe napimwa joto na kupigiwa magoti. Na mwanangu aelezwe kitaalamu kwamba aina yangu huishi karibu na dirisha, hula habari, na isipoona jua hufifia rangi. Akikataa, nitaingia humo tangini mwenyewe. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, lakini mimi nitaingia na nguo zangu, kwa kumstahi kamba.

Wasalimie wote hapo ofisini, anayechapa na anayefagia. Msalimie sana mama yako, na ukifika kwake tazama kama dirisha lake liko wazi.

Ni mimi, niliye gizani mchana kweupe,
Bibi wa Ghorofani

Nyongeza: Barua hii ilichelewa kupelekwa posta, kwa sababu mkwe wangu alimsomea mumewe. Mwanangu aliinuka akalitungua pazia. Lo, mtaa mzima ulinipigia kelele! Lakini wiki haikwisha, kioo kikaanza kuota ukijani, na tumbawe lililokuwa limefungua vidole vyake likajikunja kama ngumi. Nikamwita mwanangu nikamwuliza, unataka kuniulia wajukuu? Litundike pazia upesi! Fundi viatu akitaka kuniona na apande ngazi, tena akifika aseme polepole. Jioni mwanangu hupiga magoti kwenye kioo, nami huvuta kiti nikakaa ubavuni pake, tukawachambua hao wa ndani. Yule kamba, Mhariri, ana maringo! Kwa hiyo yafute malalamiko yote isipokuwa la nne, ambalo mwenye kalamu amekataa kulifuta. Na unijibu haraka: chumbani kwangu, ukutani karibu na kitanda, tangi la ukubwa gani linaweza kuenea?