Kuku Wangu Hawaruki Tena

Jumanne, 9 Julai

Wamevuka tena. Kuku wote sita, wakiongozwa na Bi Mkubwa, yule mweusi mwenye kifua kipana na dharau usoni. Nilikuwa napiga mswaki. Wakaruka uzio wa waya mbele ya macho yangu, wakatua kwenye bustani ya jirani na kuuparura mchicha wake wote.

Jirani ni mkunga mstaafu. Ndiye aliyemzalisha mke wangu watoto wetu wote, kwa hiyo siwezi kumjibu vibaya hata iweje. Hakugomba. Alisimama kwenye uzio, akaniuliza kwa upole kama nawalisha hawa kuku au nimemwachia yeye kazi hiyo.

Aliyegomba ni mke wangu. Kasema uvumilivu umemwisha. Kuku mmoja akionekana tena upande wa pili, wote wanakwenda kwa kaka yake. Kaka yake ana hoteli sokoni, ile ya kula, si ya kulala. Kuku akiingia pale hatoki kwa miguu yake.

Shemeji huyo amekuwa akiwatazama kuku wangu tangu wakiwa vifaranga, kwa macho ya mtu aliyekwisha bandika sufuria. Hapati hata unyoya. Nawapenda kuku hawa. Basi, nimeshaandika, nisirudie.

Jumatano, 10 Julai

Dawa imepatikana. Kinyozi, ambaye kibanda chake kimepakana na duka langu la ushonaji, kaniambia kuku hupunguzwa bawa. Haguswi nyama, ni yale manyoya marefu ya mwishoni tu. Haumii, ni sawa na kukatwa kucha. Akasisitiza nikate bawa moja. Kuku akitaka kuruka atakwenda upande na kurudi chini.

Bawa moja! Nilimwangalia kwa huruma. Nimeshona tangu ujana wangu na sijawahi kumtoa mtu dukani akiwa na mkono mmoja mrefu na mwingine mfupi. Mteja gani angekubali? Lakini yule ni kinyozi, amezoea kukata vitu upande.

Nimefanya kazi safi. Nikamkunja kila kuku kwenye taulo, nikampima kwa tepu, nikapiga mstari kwa chaki, nikakata kwa mkasi wangu mkubwa, ule ambao hata mke wangu haruhusiwi kukatia karatasi. Kulia na kushoto, sawasawa kabisa. Nilipomaliza nikawapanga mstari nikawatazama kwa mbele. Walipendeza. Bi Mkubwa kanidonoa kidole gumba, ila wateja wengine ndivyo walivyo.

Alhamisi, 11 Julai

Wanaruka. Wanaruka vizuri kuliko jana. Nadhani nimewapunguzia uzito.

Nilimwona Bi Mkubwa akitua kwenye nyanya za mkunga, nikapita chini ya uzio kwa tumbo, nikamnyaka, nikarudi na tope mpaka kwenye ndevu. Mke wangu akaniuliza nilikuwa nafanya nini. Nikasema natafuta sindano. Akanitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Kinyozi kasema si aliniambia. Kasema pia kwamba bado nafasi ipo, nipunguze bawa moja zaidi na mambo yaishe. Aliyasema hayo akicheka, na mteja wake mwenye povu usoni akicheka pia. Thubutu! Nirudie kazi yangu kwa maelekezo ya kinyozi? Bora waruke.

Hapana, wasiruke. Shemeji alipita jioni kutusalimia. Dada yake alimsalimia kwa haraka haraka, kuku akawasalimia mpaka chai ikapoa. Kisha akauliza kama wana mafuta.

Ijumaa, 12 Julai

Mkunga kaja kuchukua gauni lake. Satini ya zambarau yenye maua ya dhahabu, la kuvaa kesho kwenye sherehe ya binti yake aliyemaliza chuo. Alitaka mikono mirefu. Nimempa mifupi. Nikamwambia kitambaa hakikutosha, nikaapa, na kifua nikajipiga. Alinyoosha mikono mbele ya kioo, akasema kwa umri wake baridi humwingilia hapo hapo. Nikamwambia mikono mifupi inampunguzia miaka. Alilikunja gauni akaondoka.

Kitambaa kilitosha. Naandika hapa kwa sababu hapa hasomi mtu. Fundi gani hana kapu la mabaki? Asiye nalo huyo si fundi, ni cherehani.

Na nilipokuwa nalitazama kapu hilo ndipo akili ikafunguka. Kwa nini nihangaike kukata mabawa wakati naweza kuyavalisha? Kizibao! Mabawa ndani, kichwa nje, miguu huru, vifungo tumboni. Nikachagua satini maana ni laini na haitamkwaruza kuku. Nimeshona vizibao sita bila kuinua kichwa. Cha Bi Mkubwa nimekiwekea kola.

Jumamosi, 13 Julai

Ilianza vizuri mno. Walijaribu kuruka, wakaishia kuinamainama tu kama wageni waliofika ukweni. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Kasema nimerukwa na akili, lakini maadamu kuku hawavuki, yeye hana neno. Nikavimba kichwa. Nikamwita kinyozi aje ajionee. Nikampelekea na shemeji salamu, kwa makusudi kabisa, aje awaage. Ili waonekane vizuri nikaufungua mlango wa banda na kuuacha wazi. Kuku asiyeruka aende wapi?

Walikwenda kwa miguu. Walitoka langoni wote sita, wakafuata njia, wakakata kona, wakaingia kwa mkunga kwa mlango wa mbele, pamoja na waalikwa.

Nilipofika huku nahema nilikuta viti vimepangwa, binti kakaa mbele na kofia yake ya chuo, na mama mtu anakaribisha watu akiwa na zambarau, maua ya dhahabu, mikono mifupi. Katikati ya viti alikuwa anapita Bi Mkubwa akiwa na zambarau, maua ya dhahabu, na kola. Wenzake nyuma yake. Mpiga picha alidhani ni sare ya familia, akawa anawaomba wasogee karibu.

Mkunga aliinama. Alikishika kizibao kwa vidole viwili, akakipindua kuona upande wa ndani, halafu akanitafuta kwa macho. Aliniuliza kwa sauti ya chini, ile ya kumwambia mzazi asukume, kama hiki ndicho kile kitambaa kisichotosha.

Nikajibu kwamba vinafanana.

Jumapili, 14 Julai

Kesi imesikilizwa sebuleni kwetu. Mkunga kwenye kochi, mke wangu pembeni yake, shemeji mlangoni na tenga lake la kubebea kuku, mimi kwenye stuli. Shemeji aliomba kukumbusha kwamba kuku wamevuka mbele ya mashahidi, na ahadi ni ahadi. Nikajitetea kwamba hawakuvuka uzio, walipita mlangoni kama watu wazima. Mke wangu akaniambia, kwa heshima zote za baba watoto, nifunge mdomo.

Ndipo mkunga akasema kuku hawaendi hotelini. Kuku ni wake. Nimekula mchicha wake, nimekula mikono ya gauni lake, na picha za binti yake zitakaa ukutani maisha yote zikiwa na kuku waliovaa kuliko mama mzazi. Hawa sita ni fidia. Mke wangu aliafiki kabla sijavuta pumzi. Shemeji akaondoka na tenga tupu, nami nikapata raha kidogo hapo, haikudumu.

Nimewavua vizibao mwenyewe na kuwakabidhi mmoja mmoja. Bi Mkubwa wa mwisho. Nilimshika kidogo zaidi ya ilivyohitajika, akanidonoa. Nililia. Si sana, na ilikuwa chooni.

Mkunga amewapunguza bawa moja moja kwa mkasi wa jikoni, bila hata kupima. Ukiwatazama kwa mbele ni aibu. Hawaruki, na hawajaribu. Kwa nini wajaribu? Wako pale pale walipokuwa wanapataka siku zote, na Bi Mkubwa analala katikati ya mchicha, tena kwa haki.

Jumatano, 17 Julai

Banda tupu linaniumiza. Mke wangu kasema hataki kulisikia neno kuku katika nyumba hii. Sitalitaja.

Kinyozi ana binamu anayefuga njiwa. Njiwa! Nimekuwa mjinga kiasi gani? Kosa langu lote lilikuwa kufuga ndege halafu nikamkataza kuruka. Njiwa anaruka apendako na anarudi mwenyewe. Hana uzio, hana jirani, hana kesi. Nimeshawaleta dukani, madume na majike. Mke wangu nitamwambia siku akiamka vizuri.

Binamu mtu kanionya nisiwaachie mpaka wapazoee, na kwamba wakiwa gizani hutulia. Nimewaweka chini ya meza ya kukatia, nikawafunika kwa kitambaa kizito, cheupe, cha kwanza nilichokikuta mkononi. Wametulia kabisa. Wanatoa tu ile sauti yao ya kushiba.

Kinyozi alichungulia, akaniuliza kama lile si koti la bwana harusi. Nikamwambia ndilo, mwenyewe analifuata kesho asubuhi, na aache wasiwasi, njiwa ni ndege msafi.