Mtoto wa Ishirini

Alhamisi, 7 Septemba 1995. Homa Bay.

Nina kumi na tisa! Watoto kumi na tisa wamepita mikononi mwangu tangu nianze mafunzo, na kila mmoja ameandikwa kwenye kitabu changu na kutiwa saini na mkunga. Wanatakiwa ishirini. Siku ya mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo, saa kumi na moja jioni. Asiyefikisha hafanyi mtihani, anangoja miezi sita. Mimi siwezi kungoja. Mama ameshatangazia kanisa zima kule Suneka kwamba mwanawe Kerosi ni nasi, yaani muuguzi. Wameniombea kwa jina hilo hilo. Sasa nimrudie Mungu niseme nini?

Shida ni Nchagwa, msichana wa Kikuria tunayesoma naye. Ana ishirini na watatu na bado anazalisha! Ukitoka kunywa maji, ukirudi ameshika mtoto. Nimemwambia awaachie wenzake. Akasema akina mama hawawezi kungoja mtu amalize kuchana nywele. Wivu tu.

Lakini nimepata mpango. Bichage, soja wa geti, atapiga mluzi mara mbili akiona mama mwenye uchungu anaingia. Nitatoka mbio na kiti cha magurudumu kabla Nchagwa hajafunga kamba za viatu. Bichage hakuuliza hata swali moja. Mtu mzuri sana.

Jumamosi, 9 Septemba. Migori.

Siku yangu ya kupumzika. Nimekuja kujaribu sare nyeupe kwa Abdurahman, fundi wa nguo karibu na soko. Sisi wanafunzi tunavaa buluu. Nyeupe ni ya waliohitimu. Sijahitimu, lakini kuna ubaya gani kujitayarisha? Ameshona jina mfukoni kwa uzi mwekundu: NASI KEROSI. Nilisimama mbele ya kioo mpaka wateja wakaanza kunung'unika.

Halafu akatokea mkewe, Asmaa. Miezi tisa kamili! Moyo ukaniruka. Nikamweleza Abdurahman polepole kwamba Homa Bay tuna vitanda vipya vya kuzalishia, na pia kijana mmoja hodari sana. Akauliza kijana gani. Nikageuka kidogo ili asome mfuko. Asmaa alicheka mpaka akashika ukuta. Wifi yake, Asli, hakucheka. Alisema Asmaa atazalishwa na mwanamume siku ng'ombe atakapoketi kwenye cherehani. Kisha nikaombwa nivue sare.

Jumatatu, 11 Septemba. Homa Bay.

Mluzi! Mara mbili! Nilitoka na kiti kwa kasi, nikamruka mgonjwa wa mguu pale kwenye baraza. Getini kasimama mama mnene, kaloa mvua, tumbo kubwa ajabu chini ya leso, anahema. Nikamketisha kabla hajafungua mdomo. Alijaribu kusema kitu. Nikamwambia asiongee, apumue. Akapumua. Nikamsukuma hadi chumba cha leba, Nchagwa akitukodolea macho. Raha iliyoje!

Sista Benta, mkunga mkuu, akafungua leso. Gunia la omena, wale dagaa wa ziwani. Kilo kumi hivi, kavu. Anaitwa Mama Peres, anatoka kisiwa cha Remba, na alikuwa analeta samaki jikoni kwa hospitali. Alificha gunia lisilowe. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema nilimkataza. Lakini hakukasirika hata kidogo, maana miguu ilikuwa inamuuma tangu ziwani, na hakuna mtu amewahi kumsukuma. Ameniita mtoto mzuri.

Nimeosha leba mara mbili. Bado inanuka omena. Nchagwa aliniuliza mtoto alikuwa na kilo ngapi.

Jumatano, 13 Septemba.

Zamu ya mchana. Mpango mpya, safi kabisa! Nimeingia wodini nikakuta mama mmoja na binti mchanga. Alijifungua kabla sijafika, na nasi aliyemzalisha ameshakwenda likizo. Hakukuwa na mwanafunzi. Yaani mtoto yupo, mama yupo, anayekosekana ni mwanafunzi tu! Nikajaza kitabu: wa kike, kilo tatu na robo, saa nane na dakika arobaini mchana, ili iangukie zamu yangu. Nikakipenyeza katikati ya karatasi za Sista Benta wakati anakimbilia mkutano. Akasaini zote bila kusoma.

Ishirini! Nimempelekea yule mama chai ya maziwa kwa shukrani. Mimi si mtu mbaya. Nimeandika barua nyumbani, waanze kualika watu.

Ijumaa, 15 Septemba.

Obe! Obe! Nimekwisha! Mwalimu wetu, Bwana Stanley, alikusanya vitabu asubuhi. Hakuna aliyeniambia kwamba kesi ya mwisho huenda kuiona kwa macho yake. Tukaenda wodini: yeye, Sista Benta, mimi, na Nchagwa ambaye hakualikwa. Mwalimu akamsalimu mama kwa Kijaluo, akambeba mtoto, akauliza anaitwa nani.

Akinyi.

Nilitabasamu. Jina zuri. Halafu nikakumbuka. Huku kwa Wajaluo mtoto hupewa jina la saa aliyozaliwa, na Akinyi ni mtoto wa asubuhi. Hata mbuzi wa Homa Bay wanajua!

Bwana Stanley akakitazama kitabu, akanitazama mimi juu ya miwani.

"Akinyi," akasema taratibu. "Saa nane na dakika arobaini mchana?"

Nikajibu kwamba kulikuwa na mawingu. Nikaongeza kwamba labda ni jina la nyanya yake. Mama akasema nyanya anaitwa Dorka, na mimi ananijua kama kijana wa chai tu. Sista Benta alichukua kalamu nyekundu akaifuta saini yake mwenyewe. Alisema amesaini miaka ishirini na hajawahi kufuta hata moja. Hapo niliona aibu ya kweli. Bwana Stanley alitaka nifungashe virago leo leo. Ni yeye huyo huyo Sista Benta aliyeniombea: nipewe mpaka saa kumi na moja, mtoto mmoja wa halali, mbele ya macho yake.

Saa nane, hakuna. Saa tisa, hakuna. Nikaketi kwenye ngazi nikalia waziwazi. Nilimwaza Mama na wageni wake. Mluzi ukalia. Sikuinuka, nimechoka na omena. Ukalia tena. Nchagwa akanivuta kwa kola.

Getini kasimama Mama Peres, safari hii bila gunia. Amemshika bintiye mwenye mimba, na leso ya binti imelowa na hakuna mvua. Mama Peres anapiga kelele kwamba anamtaka yule kijana wa kiti, hataki mwingine.

Nchagwa angeweza kumchukua. Badala yake alinifungulia glavu akasimama nyuma yangu. Nadhani alitaka kunipeleleza. Sista Benta aliangalia mikono yangu tu. Sikuwaza kitabu. Sikuwaza saa. Kichwa, bega, bega la pili, kisha mvulana akalia na mimi nikalia. Saa kumi na moja kasoro dakika nane! Mama Peres akasema huyu ni Odhiambo, mtoto wa jioni. Bwana Stanley akaitikia kwa kichwa, na Sista Benta akasaini, safari hii baada ya kusoma kila neno.

Ishirini! Nimeapa kwa Biblia ya Mama: sitaandika uongo tena maishani mwangu.

Jumanne, 2 Aprili 1996. Migori.

Mwezi wa pili kazini! Nasi Kerosi, wodi ya wazazi. Sare imenibana kidogo tumboni lakini jina linasomeka toka mbali. Asmaa huleta mtoto wake kliniki, na Asli husimama katikati yetu. Mkuu wa wodi yetu ni Nchagwa, kapandishwa cheo tayari. Sisemi kitu.

Leo mwanafunzi mmoja, Liz, amenijia na kitabu, macho mekundu. Ana kumi na tisa. Mwisho ni kesho. Akaninong'oneza kwamba kuna mama aliyejifungua kabla tu zamu yake haijaanza saa sita, na hajui afanye nini.

Nikafunga mlango nikamketisha. Nikamsimulia yote: omena, Akinyi, kalamu nyekundu, machozi kwenye ngazi. Nilimwambia niliponea chupuchupu, na sitaki binti wa watu apatwe na aibu ile. Kosa langu, nikamwambia, lilikuwa moja tu. Niliandika saa kabla ya kuuliza jina.

Akaenda kuuliza. Mtoto anaitwa Achieng, wa jua la mchana. Tukaandika saa sita na nusu. Nikasaini! Saini yangu ya kwanza kwenye kitabu cha mtu, ina mkia mrefu, maridadi kabisa.

Kesho Nchagwa anakagua vitabu. Nimekuwa mwangalifu, nimeuliza hata ni nani aliyemzalisha huyo mama. Ni Nchagwa mwenyewe. Lakini yule amezalisha wengi mno. Atamkumbuka yupi?