Nani Atanilelea Mheshimiwa

Jumatatu, 3 Machi

Balaa! Mama mkwe anaondoka Jumamosi. Dada yake amevunjika nyonga na hana wa kumtazama. Mke wangu naye amepandishwa cheo kiwandani, sasa ni msimamizi wa zamu nzima ya sabuni za mche, na anaanza Jumatatu ijayo asubuhi. Asipofika, nafasi inakwenda kwa mwenzake ambaye hapa nyumbani hatumtaji jina, tunamwita "yule". Kwa hiyo Mheshimiwa anahitaji mlezi. Mheshimiwa ni binti yetu. Ana mwaka mmoja na nusu. Hajajua kusema sana lakini kuamrisha anajua.

Mke wangu amesema hatuna pa kumlaza msichana wa kazi, chumba kimoja na sebule, basi tutafute mama anayelea watoto nyumbani kwake. Nikasema sawa. Nililisema kiume kabisa. Kisha nikaingia bafuni nikakaa juu ya ndoo.

Naogopa. Niandike tu, hapa hakuna anayesoma. Mimi ni fundi wa vitasa na funguo. Watu hudhani fundi wa vitasa hulala fofofo. Wapi! Mimi ndiye ninayejua milango ya mji huu inavyofunguka. Nusu yake inafunguliwa kwa mpini wa kijiko. Na nyuma ya mmojawapo nimuache mwanangu kutwa nzima, na mtu nisiyemjua, na ndoo za maji, na soketi!

Shemeji amepiga simu. Kaka wa mke wangu, seremala na mchomeleaji, mjuaji. Anasema la kuhangaikia halipo, tumpeleke kwa Mama Vikombe, ndiko anakolelewa mwanawe. Shemeji huyu alituchagulia kitanda, akatuchagulia rangi ya sebule, na nisingewahi angetuchagulia hata jina la mtoto. Kwa Mama Vikombe haendi mtu! Nimemwambia mke wangu kazi ya kutafuta mlezi aniachie mimi.

Jumanne, 4 Machi

Mpango ni huu. Mzazi akija kuangalia nyumba, mlezi hufagia, huwavalisha watoto soksi, hutabasamu. Mzazi ataona nini? Hataona kitu. Lakini fundi anayepita kukagua vitasa bure, nani anamjali? Huyo anauona ukweli wote.

Nimeanzia kwa Mama Ratiba, mtaa wa nyuma. Anaitwa hivyo kwa sababu kwake kila kitu kina saa yake, kula, kulala, hata kulia. Nilibisha, nikajieleza. Akaniruhusu nitazame mlango wa mbele tu, naye akasimama palepale kama askari. Mara mtoto mmoja akatapika, Mama Ratiba akageuka kumshughulikia. Nikachomoka! Moja kwa moja hadi chumba cha watoto.

Niliwahi kusikia kwamba nyumba ya watoto inakaguliwa kwa kimo cha mtoto. Nikapiga magoti. Soketi zote zimezibwa. Nikalala kifudifudi. Chini ya kabati pamefagiwa. Nikajisukuma chini ya meza yao ndogo nione kama ina misumari iliyochomoza. Mabega yakakwama.

Watoto walikuja. Hawakuogopa hata chembe. Mmoja akanivua kiatu. Mwingine akanilisha kitu alichokwisha kukitafuna. Kisha nikaona miguu ya Mama Ratiba mlangoni, na ufagio.

Jamani! Aliwatoa watoto wote nje kwanza, bila kelele, ndipo akarudi kwangu. Akaita majirani. Akataka kujua mimi ni nani, nimetumwa na nani, natafuta nini kwa watoto wa watu. Nilitimka na meza mgongoni hadi kwenye kona, ikadondoka yenyewe.

Uamuzi: Mama Ratiba hafai. Ana hasira na hajui kukarimu wageni.

Jumatano, 5 Machi

Siku mbaya. Walezi wa watoto, kumbe, wana kundi lao la simu. Na humo limesambazwa onyo, nalo likamfikia Shemeji, naye akamtumia dada yake. Mke wangu alilisoma kwa sauti tukila. Kuna mtu anazunguka mitaani akiingia kwenye nyumba zenye watoto. Mfupi. Kipara kinaanza. Ana mfuko wa ngozi wenye vyuma na ananuka grisi. Anajifanya fundi.

Mke wangu aliacha kula. Alisema dunia imeharibika, tuwe macho na mtoto. Nywele zilinisimama, zile zilizobaki. Niliinuka nikakagua madirisha yote. Nikaburuta kiti nikakiegemeza mlangoni. Nikamchukua Mheshimiwa nikampakata, nikawa namuwazia huyo mnyama. Ilinichukua muda kukumbuka kwamba ni mimi.

Hofu haikupungua, ilihama tu.

Sasa hakuna mlezi atakayenifungulia. Mke wangu akauliza nimekwenda nyumba ngapi. Nikasema moja, haifai. Akauliza haifai kwa nini. Nikasema usalama ni mdogo, mtu yeyote anaingia hadi chini ya meza. Akasema basi, kesho tunakwenda kwa Mama Vikombe, sisi watatu, mchana. Hakuniuliza kama naafiki. Cheo kimeshaanza kazi.

Alhamisi, 6 Machi

Nilivaa shati jeupe, miwani ya mama mkwe, na manukato mengi ya kuua harufu ya grisi. Kwa miwani ile sikuona kitu. Niliingia nikasalimia aproni iliyotundikwa ukutani, nikaiuliza na hali ya nyumbani.

Mama Vikombe ni mwanamke mnene, mtaratibu, anayevaa raba ndani ya nyumba ili awahi. Kila mtoto ana kikombe cha rangi yake, kimetundikwa chini chini, pale mkono wa mtoto unapofika. Neno lake la kwanza kwangu ni kwamba ana mtoto mwenye pumu, nikija tena nisijipake manukato. Nikavua miwani kwa aibu.

Nilikuwa na maswali. Nani wengine wanaingia humu? Dawa zinawekwa wapi? Mtoto akipandwa na homa? Akija mtu akasema ametumwa kumchukua? Alijibu yote bila kukunja uso. Mtu asiyemjua hampi mtoto, hata akija amebeba barua ya rais. Kisha akaniuliza yeye. Mheshimiwa akilia usiku hubembelezwa vipi? Huogopa nini? Nikafungua mdomo. Sikujua! Mke wangu ndiye aliyejibu. Husuguliwa sikio la kushoto, na huogopa sauti ya blenda. Sikio la kushoto! Naishi naye nyumba moja!

Mheshimiwa akaniponyoka, akaenda zake kuchezea vikombe. Hakugeuka hata mara moja. Hilo nalo liliniuma mahali nisipopajua jina.

Ndipo nikauona mlango. Kitasa kile ni cha enzi za babu, kimelegea, kinacheza kama jino la mtoto. Nilisema. Niliinua sauti kidogo. Mama Vikombe akasema mchana mlango wake haufungwi, yeye mwenyewe hukaa palepale, na moto ukizuka anataka watoto watoke mbio. Nikajitolea kumfungia kitasa kipya, kizuri kuliko vyote nilivyonavyo. Akakataa. Mke wangu akakataa kabla hajamaliza yeye kukataa. Wakapeana mikono. Jumamosi asubuhi Mheshimiwa anakwenda kuzoea, mzazi mmoja akae naye.

Shemeji amepiga simu kucheka tu. Kisha akakata.

Jumamosi, 8 Machi

Sitaki, lakini lazima niandike.

Mke wangu alimsindikiza mama mkwe stendi. Mzazi wa kukaa na Mheshimiwa nikawa mimi. Bila manukato. Na mfuko wangu wa ngozi chini ya taulo za mtoto.

Mama Vikombe alikuwa na watoto mbele ya nyumba, chini ya turubai, wakimwagiana maji. Nilimwambia nitakaa ndani kidogo ili Mheshimiwa azoee chumba. Akasema sawa, baba. Nikaanza na mlango wa jikoni. Nikaukomea kwa ndani, makomeo mawili. Kisha mlango wa mbele. Bisibisi ya mkono, maana drili ingenisaliti. Kitasa chenyewe ni kile ninachowaonyesha wateja kwenye kibanda changu. Ndimi tatu za chuma, kinajifunga chenyewe mlango ukirudi. Huwa nasema hata mimi siwezi kukifungua bila ufunguo.

Nilikuwa nimebakiza skrubu moja. Nikatoka barazani nione unavyokaa kwa nje. Upepo ukapita. Mlango ukarudi. Taratibu! Kisha nikasikia ndimi zote tatu zikiingia, na sauti yake ilikuwa safi kabisa.

Funguo ndani. Mfuko ndani. Kisanduku cha skrubu, wazi, sakafuni. Na Mheshimiwa, ambaye kila kitu cha ukubwa wa harage hukipeleka mdomoni.

Nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo. Mama Vikombe alifika kabla sijaimaliza. Hakuniuliza kitu. Aliwakalisha watoto wote kwenye mkeka, akawaambia washikane mikono wasiachiane. Akachomoa pini nywelani, akanipa. Kisha akalala kifudifudi barazani, mwili wote ule, akaweka mdomo kwenye uwazi wa chini ya mlango, akaita Mheshimiwa njoo, Mheshimiwa nipe. Kana kwamba ni mchezo waliouzoea miaka.

Nilichokonoa kitasa. Nilichokonoa tena. Kumbe siku zote sikuwa natia chumvi mbele ya wateja. Hakifunguki! Madirisha yana nondo. Mlango wa jikoni, nimeukomea mimi. Nilikuwa nikigonga mlango kwa ngumi na kumwomba msamaha mtu asiyejua neno msamaha.

Mara ikatoka skrubu moja chini ya mlango. Kisha kidole chake. Mama Vikombe akashangilia. Ikatoka nyingine. Akashangilia tena. Mheshimiwa alikuwa akicheka huko ndani, akienda na kurudi, akileta. Kisanduku kile kila skrubu ina tundu lake, kwa hiyo hesabu naijua. Nilihesabu zilizotoka pamoja na zilizofungwa mlangoni. Nikahesabu tena.

Ilipungua moja.

Na Mheshimiwa akakohoa.

Sitaki kukumbuka kilichofuata kichwani mwangu. Niliona vitu ambavyo baba hapaswi kuviona hata ndotoni. Nilikaa chini barazani. Sikuogopa mwizi wala moto wala yule mtu wa kwenye simu. Nilijiogopa mimi.

Shemeji alikuja wakati huo kumchukua mwanawe. Aliutazama mlango, akaona unafungukia nje na bawaba ziko nje. Akaomba msumari na jiwe. Akazipiga pini za bawaba, moja baada ya nyingine, akauinua mlango mzima na kuuegemeza ukutani, kitasa changu kikiwa bado kimefunga vizuri. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Mheshimiwa alikuwa amekaa sakafuni na kikombe cha kijani. Mama Vikombe alimpekua mdomo kwa kidole. Hakuna kitu. Akaniuliza ile moja niliiona wapi mwisho. Nikataka kumwonyesha kwa mkono, ndipo nikagundua ngumi yangu ya kushoto haijafunguka tangu mlango ulipojifunga. Aliikunjua yeye, kidole kimoja kimoja. Ilikuwa humo.

Nililia mbele ya watoto wote. Mmoja akaniletea kikombe chake.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu alisimuliwa yote jana na Shemeji. Asubuhi alicheka peke yake jikoni, kisha nikamkuta analia. Akataka kuuona mkono. Alama ya skrubu bado ipo kiganjani. Alikishika kiganja, nami nikajikaza kisabuni.

Mama Vikombe akapiga simu. Atampokea Mheshimiwa kesho kama tulivyopatana. Alisema mtoto hana tatizo lolote, ni msikivu na ana moyo, mwenye kuhitaji mlezi ni baba. Kitasa chake cha zamani amekirudisha. Sharti ni moja tu. Mwisho wangu ni getini. Nisivuke hata unyayo.

Kisha akamuuliza mke wangu kama kwa bahati mimi ndiye yule wa chini ya meza kwa Mama Ratiba.

Mke wangu amefungua simu, analisoma lile onyo upya, na kila mstari ananitazama kipara.

Jumatatu, 10 Machi

Mke wangu aliondoka alfajiri, sare mpya imenyooka, akanibusu kipara, akaniambia ananiamini, sauti ikiyumba kidogo. Yule hataipata nafasi ile! Mimi nikampeleka Mheshimiwa. Nilifika hadi getini, nikasimama. Mama Vikombe alikuja kumchukua. Nilimsugua Mheshimiwa sikio la kushoto. Hakuwa analia, lakini nilisugua. Mimi ndiye niliyekuwa nalia. Akaenda zake, hakugeuka. Nikasubiri. Kwenye ngazi ya baraza akageuka, akanionyesha kidole, akaamrisha jambo ambalo sikulielewa. Nadhani alisema nenda.

Sikuenda mara moja. Nimetafakari sana pale, na nakiri kosa langu waziwazi. Kosa lilikuwa bawaba. Fundi makini hawezi kuweka kitasa cha ndimi tatu kwenye mlango ambao bawaba zake ziko nje. Nimeelewa, na sitarudia.

Basi wakati nimesimama pale nikaliegemea geti. Likafunguka. Limefungwa kwa kamba! Kamba ya kuanikia nguo! Watoto wote wale, na mwanangu ndani, na kati yao na dunia nzima kuna kamba!

Nimeahidi kutovuka geti, na mimi ni mtu wa ahadi. Lakini kulichomelea geti kwa upande wa nje si kulivuka. Kesho nakwenda mapema, kabla Mama Vikombe hajaamka. Nimeazima mashine ya kuchomelea kwa Shemeji. Nimemwambia ni ya kutengenezea kitanda.