Uchunguzi Wangu wa Gemu ya Wachawi

Jumatatu, 9 Juni

Siku njema! Nimeitwa shuleni kurekebisha bawaba za mlango wa ofisi ya walimu. Mlango unalia kama mtoto anayeota meno. Nikapiga magoti na bisibisi yangu. Nikainua kichwa. Nani amekaa dirishani, amenipa mgongo, simu mikononi? Shemeji! Kaka wa mke wangu, mwalimu wa hesabu, na mpinzani wangu pekee wa uongozi wa kamati ya vijana kanisani.

Anacheza gemu. Wala si ya mpira. Mzee wa kofia ndefu ananyoosha fimbo, moto unatoka, watu wanageuka vyura. Uchawi mtupu! Na shemeji anacheka!

Nilifurahi. Halafu nikaona aibu kufurahia kuanguka kwa ndugu. Halafu nikafurahi tena, kimyakimya.

Mchungaji anamtaja kiongozi Jumapili. Miaka sita nimetengeneza mabenchi ya kanisa lile. Nimekalisha kila mtu, mwenyewe sijakalia kiti chochote. Sasa basi! Nimemwandikia Mchungaji barua isiyo na jina. Karakana haikuwa na karatasi, nikaandika nyuma ya msasa. Nimeisukuma chini ya mlango wa ofisi yake.

Jumanne, 10 Juni

Nimemwambia mke wangu habari za kaka yake. Ya barua sikuyataja. Yeye ni muuguzi, hapendi uvumi, anapenda vipimo. Akaniuliza kama nimewahi kuicheza hiyo gemu. Nikasema Mungu apishe mbali! Akauliza basi nikihojiwa nitasema nini. Uchawi gani? Nani anamroga nani? Akasema mimi ni daktari anayemwandikia dawa mgonjwa aliyepishana naye barabarani.

Kweli. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama! Nimekwenda kwa fundi simu, jirani yangu wa karakana, anitilie gemu ile kwenye simu. Nimemweleza ni uchunguzi. Akasema wote husema hivyo.

Nimeomba kwanza, dakika tatu. Kisha nikafungua. Unachagua mwenyewe uwe nani: shujaa wa upanga, mpiga upinde, au mchawi. Nikachagua mpiga upinde, mtu asiye na makuu. Langoni pa mji kuna nguruwe mwitu. Akaniua. Nikarudi. Akaniua. Mara saba! Fundi simu akachungulia, akasema kwa nguruwe yule hapiti mtu isipokuwa mchawi.

Nimechagua mchawi. Kwa uchunguzi. Na nimempa jina jema: Mtumishi.

Jumatano, 11 Juni

Nimejiwekea masharti. Moto ruksa, maana hata nabii Eliya aliuita moto ukashuka. Kugeuza watu vyura, hapana. Kuzungumza na wafu, hapana kabisa. Kuroga kwa maneno, hapana, isipokuwa maneno yenyewe yakiwa hayaeleweki, maana utajuaje kama ni mabaya?

Asubuhi Mtumishi alipewa punda wa kubeba mizigo. Punda mtaratibu, sikio moja juu, jingine chini. Saa nne akauawa na majambazi. Kukawa na kitufe: Mfufue. Nikazunguka meza ya randa mara tatu. Kufufua si kazi ya seremala! Lakini yule punda alikuwa amelala pale, mzigo wangu bado mgongoni.

Nimemfufua.

Nimeona vibaya sana. Nikaamua kufunga, sikula chakula cha mchana. Na kwa kuwa sikuwa nakula, nikawa na saa nzima ya kucheza. Tumefika mji wa pili.

Jioni nimegundua nimegandisha mgongo wa benchi jipya la kanisa upande usio wake. Atakayelikalia ataipa madhabahu kisogo. Gundi imekauka, haitoki. Bila shaka ni shambulio la adui.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemwendea Mchungaji. Nimemwambia nina rafiki, Mkristo safi, ambaye kwa sababu za uchunguzi anacheza gemu yenye uchawi. Je, ni dhambi? Nilitaka neno moja tu. Ndiyo, nimmalize shemeji. Hapana, niendelee na punda wangu.

Mchungaji akasema hana ndiyo wala hapana ya kunigawia kama peremende. Akasema uchawi wenyewe, wa kutafuta nguvu kwa mapepo, umekatazwa, hapo hapana mjadala. Lakini hadithi yenye mchawi ndani yake si lazima iwe uchawi, la sivyo hata Maandiko tungeyafungia kabatini, maana wachawi wamo. Hapo nikafurahi. Akaongeza kwamba asiyehukumiwa na dhamiri yake bado ajiulize nani bwana, yeye au gemu. Hapo nikahuzunika. Akasema pia wapo wanaotazama na moyo hautetereki, na wapo wanaoumia, na huwezi kumkwaza ndugu yako kisha ukadai una uhuru. Hapo nikapotea.

Nikauliza, je, ikiwa kuna punda?

Mchungaji akaweka kalamu chini. Akauliza, "Punda yupi, Fundi?"

Nikasema wa rafiki yangu.

Akavuta droo, akatoa msasa wangu! Akasema amepokea barua kuhusu mambo hayohayo, na alipoikunja ikamkwaruza vidole. Akasema huyu mwandishi ana mkono mkali. Nikasema siku hizi watu hawana haya. Akanitazama muda mrefu, akaniambia niwasalimie nyumbani.

Nadhani hajanijua.

Ijumaa, 13 Juni

Nimejipima nani bwana. Nimeifuta gemu saa mbili asubuhi. Saa tatu na robo nimeirudisha. Si haba! Kwa saa nzima na robo bwana alikuwa mimi.

Saa sita nikiwa kwenye mji wa tatu, kivuli mlangoni. Shemeji! Nikaifunika simu kwa maranda ya mbao. Ikawa inatoa sauti ya moto, vuu, vuu. Nikakohoa kuiziba.

Amekuja kuomba ushauri. Kwangu! Akakaa juu ya ndoo, akaniambia yote bila kuulizwa. Anacheza gemu ya wachawi baada ya kusahihisha madaftari, inampumzisha kichwa, hajawahi kuiona kama dhambi. Lakini wiki iliyopita alicheza mbele ya mama mmoja wa kanisani, fundi cherehani anayeshona majoho ya kwaya. Yule mama akatazama kioo, akaanza kulia. Mama yake mzazi alisingiziwa uchawi zamani, wakamchomea nyumba, akafia ugenini. Kwa watu wengine ule ni mchezo. Kwake yeye ni moto ule ule.

"Sasa shemeji, mimi nina haki ya kucheza," akasema, "lakini ile haki imekuwa chungu mdomoni."

Kwa dakika nzima sikuifikiria kamati.

Kisha nikaifikiria. Shemeji anataka kusimama Jumapili, akiri, ajitoe. Ubaya ulioje! Akikiri mwenyewe ataonekana mtakatifu, na mashtaka yangu yatakuwa maji ya kunawa. Ikabidi nimtetee asijishtaki! Nikamshushia hoja zote za Mchungaji, zile tamu tu. Hadithi si uchawi! Wachawi wamo hata katika Maandiko! Na wala asikate tamaa kwa nguruwe wa langoni, ampige kwanza kwa barafu, kisha moto, amzunguke kushoto.

Shemeji akainua kichwa. Akasema wiki tatu amekwama kwa nguruwe yule.

Akayatazama maranda. Vuu, yakasema maranda.

Hakucheka. Alinishika bega, akasema ahsante, akaondoka. Sijui ameshukuru nini.

Jumamosi, 14 Juni

Sikucheza. Mke wangu ameikuta simu, na Mtumishi ndani yake, hatua ya thelathini na mbili. Nikaeleza uchunguzi. Akauliza uchunguzi umeonyesha nini. Nikasema ushahidi bado unakusanywa. Akasema kisebusebu na kiroho papo. Kisha akauliza, kwa upole uliozidi ukali, kama ni mimi niliyemwandikia Mchungaji juu ya kaka yake. Nikasema waandishi wa barua zisizo na majina hawajulikani, ndiyo maana hazina majina.

Amelaza mto wangu sebuleni.

Jumapili, 15 Juni

Balaa.

Shemeji alisimama baada ya matangazo. Akasema haamini kwamba picha za kwenye simu ni uchawi, na hatamhukumu anayecheza. Lakini chozi la dada yake katika imani lina uzito zaidi kuliko starehe yake, kwa hiyo ameacha. Akamwomba radhi yule mama fundi cherehani mbele ya watu wote. Mama akainuka, akavuka ukumbi, akamshika mikono yote miwili. Mke wangu analia. Mimi nalia, bila ruhusa yangu.

Kisha shemeji, kwa moyo mweupe, akamshukuru shemeji yake aliyemsikiliza Ijumaa akamfungua macho, tena ni mtu anayeijua gemu ile hadi jinsi ya kumpita nguruwe wa langoni.

Kanisa zima likageuka. Mimi nilikuwa nimekalia lile benchi langu, kwa hiyo kwanza walikutana na kisogo.

Mchungaji akamtaja kiongozi wa kamati: mama fundi cherehani! Kwa sababu, akasema, atakayewaongoza vijana ajue kitu kinavyouma. Shemeji msaidizi wake. Nami? Nimepewa kuzungumza na vijana Jumapili ijayo kuhusu Mkristo na gemu za uchawi, kwa kuwa, alisema Mchungaji bila kutabasamu, hakuna katika kanisa hili aliyechunguza kwa bidii kama mimi.

Mlangoni shemeji alinikumbatia. Nilitaka kumwambia habari za barua. Midomo ilifunguka kabisa. Nikamwuliza kama alimpita nguruwe kwa kushoto.

Jumatatu, 16 Juni

Nimeifuta gemu alfajiri, moja kwa moja, kwa machozi. Maisha mapya!

Saa tatu nimeirudisha, maana huwezi kuhutubia vijana kwa habari za wiki iliyopita.

Hotuba inakwenda vizuri. Nina hoja saba za kupinga na nane za kuunga mkono. Mke wangu amesoma zote, akaniuliza mimi mwenyewe naamini zipi. Swali la ajabu! Nimemwambia hilo haliwezi kujulikana leo. Nitasimama kwanza nitazame safu ya mbele. Wakiwa wamekaa wazazi wengi, saba. Wakiwa vijana wengi, nane.