Kokoto la Kwenye Maharagwe

Jumatatu, 9 Julai 1951. Kitale.
Figo tena! Daktari alishasema nina jiwe, nirudi nipasuliwe. Asante. Kisu kilinigusa mara moja maishani, jandoni, mwaka wa 1922, na ilitosha. Waruguru, jirani yetu muuza mboga, anasema nichemshe nywele za mahindi, ninywe kutwa. Nimezinyofoa kwenye shamba la mzungu wakati nyapara amegeuka. Birika mbili. Nimekojoa mara kumi na moja. Jiwe halijui hata kama linafukuzwa.

Jumatano, 11 Julai.
Barua kutoka nyumbani Kamukuywa. Hiram naye ana jiwe! Hata ugonjwa lazima aniige. Hiram ni bakoki wangu: tulipakwa matope ya mto asubuhi moja, tukatahiriwa siku moja, na hakuna aliyepepesa jicho. Tangu hapo tunashindana. Anaandika ati lake ni kubwa kuliko langu, daktari mwenyewe ameshangaa. Jumatatu anaenda kupasuliwa. Atarudi na jiwe ndani ya chupa, alitembeze kanisani mpaka nizeeke.

Alhamisi, 12 Julai.
Birika tatu, malimau sita, majani ya mpera. Hakuna kitu. Edah, mke wangu, alikuwa akichambua maharagwe. Akatupa kokoto jeusi, lina meno meno. Nikaliokota. Nikaliosha. Wazo!

Jumamosi, 14 Julai. Kamukuywa.
Nimefika kwa Hiram. Nikatoa kokoto kwenye kiberiti, nikaliweka mezani, nikasema limetoka kwa nywele za mahindi. Wilkista, mkewe, alipiga vigelegele kama vile nimezaa. Hiram akaligeuza kwa ukucha, akauliza kama nililia. Nikamuuliza ni lini aliwahi kuniona nikilia. Halafu akasema basi hata yeye hapasuliwi: kama langu mimi Jotham limetoka kwa nywele za mahindi, lake litatoka kwa nusu birika, bana! Nilitaka kusema jambo. Lakini Wilkista alikuwa ameniwekea firigisi, ambayo ni haki ya mwenye nyumba. Nikaila.

Alhamisi, 19 Julai. Kitale.
Wanjala, dereva wa lori la mahindi, ametoka Kamukuywa. Ati Hiram ana homa, anatetemeka mpaka kitanda kinalia, yeye mwenyewe halii. Wilkista akitaja hospitali, anajibiwa kwamba Jotham hakwenda. Nimeandika barua ya kukiri. Kurasa mbili. Mwandiko ulikuwa mbaya, nimeichana. Kesho nitaandika vizuri.

Ijumaa, 20 Julai.
Nimeandika vizuri. Wanjala ameshaondoka na lori.

Jumapili, 22 Julai.
Hiram alikufa jana alfajiri. Barua iko mfukoni. Mwandiko ni mzuri sana.

Jumanne, 24 Julai. Kamukuywa.
Tumemzika. Wilkista alinishika mkono, akaniambia Hiram alimwomba asiniambie, lakini ataniambia: mwishoni alilia. Mara moja tu, na kidogo. Akaniuliza kama nitamdharau. Nikasema hapana. Nilitaka kusema na lile lingine, lakini watu walikuwa wengi, na wote walikuwa wananiita yule aliyepona. Zamu yangu ilipofika nikatupa udongo, na kokoto ndani yake. Halikutoa hata sauti.

Jumatatu, 30 Julai. Kitale.
Figo! Upande ule ule. Edah amenikuta nimeshikilia mlango, akauliza kama ni lile jiwe. Nikamwambia jiwe gani, si lilitoka, Kamukuywa nzima ililiona? Ni maharagwe tu. Akasema basi twende hospitali tutibiwe maharagwe. Nimekataa. Huko nitaeleza nini? Na Wilkista akisikia?

Birika iko motoni. Nywele za mahindi zimeanza kukauka, zimekuwa nyeusi, lakini Waruguru anasema nyeusi ndizo kali. Jasho linadondoka kwenye karatasi. Silii. Hiram angenicheka.