Harusi Hii Sisusi, Nacheza

Jumatatu, 12 Februari
Nimeamua. Nitacheza bhangra, ngoma yetu ya Kipunjabi! Jumapili anaoa Hardil, mtoto wa shemeji yangu Amrik. Na mimi Nachhattar Singh, mume wa shangazi yake, nitakuwa mbele kabisa ya farasi wa bwana harusi.

Sababu ni mke wangu. Asubuhi Jasmel kanipa hukumu huku anakanda unga. Nikisusa tena kwenye harusi ya kwao, mpaka kaka yake anibembeleze mbele za watu, harudi na mimi. Atabaki huko hadi ngano ivunwe na chapati nitajipikia. Nimemkumbusha kwamba mume wa shangazi kususa harusini ni desturi ya Punjab nzima, sikuianzisha mimi. Kasema wenzangu hususa kidogo, wakapewa vitamu vya ladu, wakainuka. Mimi harusi iliyopita nilisusia kiti. Kilikuwa na mguu mfupi!

Lakini nimewaza. Mtu anayecheza hawezi kununa. Dawa ndiyo hiyo.

Jumanne, 13 Februari
Mwalimu nimempata. Kulnoor, dada yake Hardil, ndiye kiongozi wa wacheza bhangra chuoni kwao. Kaja na skuta yake, nimemwapisha asimwambie shangazi yake, tukaenda shambani kwenye haradali. Hata hatujaanza vizuri, trekta ya Balkar hiyo! Balkar, jirani yangu wa shamba, ni mjomba wa bwana harusi. Kila harusi yeye ndiye hucheza mbele, kilemba kimemchanua kama jogoo. Kauliza nafukuza nini. Nikasema kasuku. Kasema niendelee hivyo hivyo, shemeji, hata yeye kaogopa.

Tukahamia ndani ya kibanda cha pampu. Nilitaka kuanza na ile ya kusimama juu ya mabega ya mtu. Kulnoor kakataa. Leo magoti tu, kunja, nyoosha, kama mtu aliyepanda trekta kwenye barabara mbovu. Haraka haraka haina baraka, kaniambia. Nikamjibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Kasema basi na yaumie.

Alhamisi, 15 Februari
Mabega! Juu, chini, juu, chini. Kulnoor anasema mabega lazima yacheke, yangu yanaomba radhi. Anasema, Fufar, tabasamu. (Fufar ndivyo watoto wa kwao Jasmel wanavyoniita, kwa kuwa nimemuoa shangazi yao.) Nikatabasamu mpaka taya likauma.

Kisha mikono. Nikainua, nikagonga dari. Kibanda ni kifupi. Kulnoor kataka tutoke nje, nikagoma, maana Balkar alikuwa anamwagilia ngano shamba la pili. Tukakubaliana mikono iishie masikioni. Harusini hakuna dari, itapanda yenyewe.

Usiku Jasmel kauliza mbona nalala huku mabega yanatikisika. Nikasema baridi.

Jumamosi, 17 Februari
Leo nimempelekea mpiga ngoma kopo la samli ya nyati wetu. Akiniona nakuna sikio, apige ule mdundo wa polepole. Kapokea kwa mikono miwili. Kaniambia Balkar naye kaleta sukari guru, ili apigiwe wa kasi. Nikamuuliza atampigia nani sasa. Kasema nisiwe na wasiwasi, ngoma yake ina pande mbili.

Jumapili, 18 Februari
Nimecheza! Naandika nikiwa garini, hapa kijijini kwa bibi harusi.

Ngoma ilipolia nikajitosa. Magoti yakaitika. Mabega yakacheka. Mikono ikafika masikioni, ikagoma! Naisukuma, wapi. Balkar akapaza sauti akiuliza shemeji kabeba gunia la nini. Watu wakaangua kicheko. Nilitaka kukasirika lakini magoti hayakuningoja. Mara vijana wakaniiga, mikono masikioni. Wakafuata kina mama. Mwisho Balkar mwenyewe! Farasi peke yake ndiye aliyekataa. Jasmel alicheka mpaka akafuta machozi kwa shela. Kanong'ona kwamba leo nimemkumbusha kijana aliyemuoa. Furaha niliyoisikia siwezi kuiandika.

Kisha chakula. Nikakaa, nikangoja. Harusi zote Amrik huja mwenyewe kuniuliza nimekula, kiti kinafaa, nani kaniudhi. Leo kimya. Nikamsikia Balkar akimwambia aniache tu, Fufar kapona, siku hizi habembelezwi.

Kapona! Kwani nilikuwa mgonjwa?

Basi niko garini. Milango nimeifunga. Sijasusa. Nataka tu kuona nani atakuja.

Jumatatu, 19 Februari
Walikuja! Amrik mbele, ukoo mzima nyuma yake, Balkar na sinia la ladu. Nikashusha kioo nusu. Amrik akavua kilemba chake, heshima yake yote, akakiweka juu ya boneti, akaniuliza wamenikosea nini. Nikamwacha aulize tena. Sijawahi kubembelezwa vizuri namna ile!

Jasmel alikuwa amesimama nyuma yao na begi lake mkononi. Akaingia kwenye gari la kaka yake.

Nimerudi peke yangu. Nimepika chapati. Ya kwanza imeungua, ya pili mbichi. Ya tatu nimempa nyati, kainusa, kasusa. Ngano ndiyo kwanza inafika magotini. Nyumba hii sikujua ni kubwa hivi.

Mchana Amrik kapiga simu. Anasema dada yake hasira zinampoa, bado anacheka akikumbuka ile mikono yangu. Niende tu nimwombe radhi, tutarudi wote leo leo.

Mimi? Niende hivi hivi, kwa kuambiwa mara moja? Nimemwambia nitafikiria, nikakata simu. Nimeketi nayo mapajani, nangoja anibembeleze.

Jua limezama. Hajapiga.